Kila Mtu Anataka Kuanzisha. Nani Atatunza?

Wasee, Novemba iliyopita mjomba wangu alinipigia simu kutoka Ndalu. Kwetu mjomba ni khocha, na khocha akiita, unaenda. Hakuongea sana: "Mpwa, si wewe ndiye unajua kompyuta? Kuja haraka. Madeni yangu yamekwama ndani."

Khocha ana agroveti pale sokoni. Wakati wa kupanda, wakulima huchukua mbegu na mbolea ya DAP kwa mkopo, halafu wanalipa baada ya kuvuna mahindi. Hesabu yote iko kwa programu ya DOS aliyoandikiwa miaka ya tisini. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, mausi hakuna. Sasa watu walikuwa wanavuna, na mashine ilikuwa imekufa. Bahati nzuri diski ilikuwa nzima.

Nikanunua kompyuta ya mtumba Kitale, nikaweka FreeDOS, mfumo wa bure unaoendesha programu za DOS, nikahamisha kila kitu. Nilijua hii ni kazi ya saa moja. Programu ikajaribu kufunguka, ikaniambia memori haitoshi. Manze, mashine ina memori ya gigabaiti 2! Mimi nikacheka. Khocha hakucheka.

Shida iko hivi. DOS ilizaliwa 1981, wakati kompyuta yake ilikuwa na uwezo wa kuona memori ya megabaiti 1 tu, na programu ziliachiwa kilobaiti 640 za kwanza. Chukulia ni matatu ya viti 14 iliyoungwa na basi kubwa kwa nyuma. Konda anajua viti vyake 14 tu, vikijaa anasema gari imejaa. Basi liko tupu, lakini hakuna wa kufungua mlango. Anayefungua huo mlango ndio anaitwa draiva ya memori. Kwa FreeDOS kuna HimemX na Jemm386, na kuna JemmEx inayofanya kazi za hizo mbili pamoja.

Nikawasha JemmEx. Kompyuta ikaganda. Nikawasha tena, ikaganda tena. Ikabidi nisome maelezo yaliyokuja na draiva, na nilisoma mpaka saa nane usiku. Kumbe draiva ilikuwa inakalia kipande cha memori ambacho kadi fulani ndani ya mashine ilikuwa inakitumia. Aliyeandika alishafikiria hiyo siku: unaongeza X= na anwani za sehemu ambayo haifai kuguswa. Nikaandika X=D000-DFFF kwenye FDCONFIG.SYS, nikawasha. Programu ikafunguka.

Asubuhi khocha akaketi, akaandika kwa kidole kimoja jina la mama mmoja jirani. Kichwani mwake alikuwa na hakika huyo mama ana deni la magunia mawili ya mbolea, na alikuwa amepanga kumwendea siku hiyo hiyo. Skrini ikasema amelipa yote, tangu Februari. Khocha akanyamaza kidogo. "Ningemkosea huyu mama," akasema.

Hapo ndio nikataka kujua ni nani aliyetuokoa. Draiva zenyewe ni huria, msimbo wake uko wazi, kwa hivyo nikaangalia. Jemm imetokana na EMM386 ya FreeDOS, na hiyo nayo mizizi yake ni programu ya Harald Albrecht iliyotoka mwaka 1990 kwa jarida la Ujerumani linaloitwa c't. Miaka ya 2000 Tom Ehlert na Michael Devore wakailea. Halafu akaja mtu anayejiita Japheth, akaitengeneza upya kuwa Jemm, na hata miaka ya 2020 bado alikuwa anarekebisha makosa. FreeDOS yenyewe iliitishwa na Jim Hall mwaka 1994 akiwa mwanafunzi kule Wisconsin, Marekani, Microsoft ilipoonyesha kwamba inaiacha MS-DOS. Toleo la 1.0 lilitoka 2006. Hesabu: miaka 12.

Sasa niulize, ni nani kati yetu angekubali kurekebisha draiva ya mfumo ambao dunia ilishauzika? Hakuna pesa za maana hapo, na jina lako watu watalijua tu kompyuta ikiganda. Sisi vijana tunapenda kuanzisha. Hata wakubwa wetu ni hivyo: kisima kinafunguliwa kwa utepe na hotuba, bamba la jina linabaki ukutani, na pampu ikiharibika watu wanarudi mtoni.

Lakini siwezi kuwasema wengine nikajiacha. Miaka miwili iliyopita nilianzisha ukurasa wa bei za mahindi soko la Kitale. Nilipika kelele, video, keki, kila kitu. Baada ya miezi minne nikachoka. Sikuufunga, sikumpa mtu mwingine, niliuacha tu, na bei za zamani zikabaki pale kama za leo. Mzee mmoja wa Naitiri aliziamini. Alikataa kuuza magunia yake akingoja ile bei yangu, mvua ikamkuta, mahindi yakaota ukungu. Aliniandikia akaniambia hayo yote. Ujumbe wake niliuona, na sikujibu.

Usiku ule Ndalu nilikuwa nasoma maelezo ya mtu asiyenijua, aliyenifikiria kabla nipate shida. Mimi mtu wangu alikuwa Naitiri, karibu hivi, na nilimnyamazia.

Jumatatu iliyofuata nilifika soko la Kitale saa moja asubuhi, nikauliza bei, nikaibadilisha. Sikupiga video. Halafu nikampigia yule mzee nikaomba msamaha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa kijana. Lakini kama umerudi, usiache tena. Na ukichoka, tuambie."

Na wewe, kuna kitu ulianzisha ambacho mtu bado anakitegemea? Kiangalie leo.