Mwonyeshe mwanao mlango kabla hajauhitaji

Iwapo una mtoto aliyeitwa Chuo Kikuu cha Nairobi, nifuate tutembee pamoja. Safari yenyewe si ndefu. Vaa viatu visivyokubana, mwambie mwanao abebe barua zake, na usiharakishe kurudi stejini.

Tuanzie University Way, mji tukiupa kisogo. Ukiingia bewa kuu utakutana na chemchemi ya maji na majengo ya zamani ambayo yameona mengi. Hapa ndipo Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1956. Sanamu ya Mahatma Gandhi unayoiona ilizinduliwa mwaka uo huo, kwa kuwa Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga fedha za kujenga chuo kwa ukumbusho wake. Mwaka wa 1970 ndipo kilipokuwa chuo kikuu kamili. Tazama pia Maktaba ya Ukumbusho ya Jomo Kenyatta, ambamo mwanao atakesha na vitabu. Wazazi wengi hupigia picha hapa, wakamwachia mtoto sanduku na godoro, kisha wakarejea Kakamega, Kitui au Kilifi wakidhani kazi imekwisha.

Kazi haijaisha, ndugu yangu. Hebu nikusimulie kwa nini.

Mpwa wangu alisomea chuo kingine ambacho sitakitaja. Siku ya mahafali tulikodi matatu nzima kutoka kijijini. Dadangu alishona nguo mpya, na nyumbani mbuzi akabaki kamba shingoni akingoja turudi. Tulikipekua kitabu cha majina ukurasa baada ya ukurasa. Jina la kijana halikuwamo. Yeye mwenyewe alisimama kando, amevaa suti aliyonunuliwa na babake, machozi yakimtiririka. Baadaye alitueleza ukweli. Alianguka mitihani miwili katika mwaka wa pili, akaona haya kumwambia babake, akaacha kuhudhuria masomo. Kwa miaka miwili alilala mchana na kukesha usiku, huku karo ikilipwa.

"Kwani hapakuwa na mtu wa kukusaidia?" nilimwuliza.

"Alikuwapo, Mjomba," akanijibu. "Ofisi ya ushauri nasaha ilikuwa hatua chache kutoka bweni letu. Nilipita mlangoni kila siku. Nilidhani ni ya wendawazimu."

Maneno hayo yalinichoma kama mwiba. Kwa hivyo, dadake mdogo alipoitwa hapa Nairobi, nilijitolea kumleta mwenyewe.

Sasa tushuke kwenye njia ya chini kwa chini inayovuka Uhuru Highway. Juu yetu magari yananguruma, na juu zaidi kuna ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka wa 2022. Huku tulikotoka ni madarasa. Ng'ambo kuna mabweni ya Barabara ya State House. Huko ndiko makomredi hula chapati kwa maharagwe wakibishana kuhusu siasa na kandanda. Huko pia ndiko mtoto wako atakakolala usiku ambao mambo yatamwendea mrama.

Ukishakiona chumba chake, usiage bado. Mwulize askari, "Ofisi ya mkuu wa wanafunzi iko wapi? Na mshauri nasaha je?" Kisha nendeni pamoja hadi mlangoni. Mimi na mpwa wangu tulifanya hivyo. Alinivuta koti kwa haya.

"Mjomba, watu watafikiri nina shida."

"Ndiyo maana tumekuja leo, ungali huna," nikamwambia.

Mama aliyetupokea alitueleza kwamba yasemwayo humo hubaki humo. Nilimwona msichana akishusha pumzi.

Mlango wa pili ni ule wa ushauri kuhusu kazi. Wanafunzi wengi huubisha wakiwa mwaka wa mwisho, wakati tayari wanaanza kukanyaga lami. Wamechelewa! Huenda kozi aliyopewa mwanao haikuwa chaguo lake la kwanza, bali ilitokana na alama zake za KCSE na nafasi zilizopatikana. Maombi ya kuhamia kozi nyingine hupokewa mapema katika mwaka wa kwanza, kisha nafasi hiyo hufungwa. Hali kadhalika, nafasi za mafunzo ya kazini hutafutwa miezi mingi kabla, na barua ya maombi hupendeza ikishasomwa na mtu anayejua mwajiri anataka nini. Asiyejua masomo yake yanampeleka wapi hukosa usingizi, na aliyekosa usingizi hayashiki masomo. Ndiposa nasema milango hii miwili ni ya nyumba moja.

Wakuu wa vyuo vyetu nao wasijifiche nyuma ya wazazi. Washauri ni wachache mno mbele ya maelfu ya wanafunzi, waongezwe. Wanafunzi wageni wanapotembezwa wiki ya kwanza, waingizwe katika ofisi hizo, wasionyeshwe kwa kidole tu. Na mhadhiri akiona kiti kimekaa kitupu wiki tatu, aulize mwenyewe yuko wapi. Gharama ya swali hilo haifikii miaka miwili ya karo iliyopotea.

Ikiwa mwanao ameitwa Chiromo, Kikuyu au Kabete, au hata vyuo vya Eldoret na Maseno, njia itabadilika lakini milango ni ile ile.

Yule kijana wetu alirudi chuoni, akarudia mitihani, na hatimaye mbuzi akachinjwa. Dadake naye, muhula wa pili, aliniandikia ujumbe mfupi: "Mjomba, leo nimerudi pale tulipoenda. Nimeingia peke yangu."

Sikumwuliza alikuwa na shida gani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilifurahi kwamba hakuficha. Basi nawe mzazi, siku ya kumpeleka mwanao, kabla ya kumkabidhi godoro, mpeleke kwanza mlangoni.