Mvuke wa Olkaria na Eburru

Mtu asafiriye kutoka Nairobi, akiisha kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa na kulizunguka ziwa la Naivasha kwa upande wa kusini, hufika mahali ambapo ardhi yenyewe yatoa moshi. Si moshi wa kuni. Ni mvuke wa maji yaliyochemshwa na mawe ya moto chini ya nchi. Hapo ndipo Olkaria. Mabomba manene yang'aayo hupanda na kushuka vilima, na penginepo yameinuliwa juu mfano wa lango, ili twiga wapate kupita.

Kazi hii haikufaulu mara moja. Visima viwili vya kwanza vilianza kuchimbwa mwaka 1956, wakati wa kampuni ya East African Power and Lighting, navyo havikutoa mvuke wa kutosha. Kazi ikaachwa, ikarudiwa baadaye, na mwaka 1981 mashini ya kwanza ya megawati 15 ikaanza kuzunguka. Stesheni zimezidi kuongezwa na KenGen, kampuni ambayo Serikali inamiliki sehemu yake kubwa.

Lakini mgeni asimamaye chini ya nyaya zile hana budi kuuliza: faida yaenda kwa nani? Umeme ni msafiri hodari. Huzaliwa Olkaria, na kabla mtu hajapepesa macho umefika Nairobi, na jirani wa kisima hulipia taa yake kama mtu wa mjini. Tena wako Wamaasai waliohamishwa mwaka 2014 kwa ajili ya stesheni ya Olkaria IV. Walijengewa nyumba mpya, lakini malalamiko yao yalifika mpaka Benki ya Dunia, na mwaka 2015 ukafanywa upatanisho. Wasifuo stesheni hizo wasiwasahau watu hao.

Joto silo kama umeme. Likipelekwa mbali hupoa, basi halina budi kuwafaa walio karibu. Oserian, shamba la maua kando ya ziwa, lilikodi kisima cha KenGen na kupasha joto nyumba za waridi nyakati za usiku, unyevu usije ukaleta ukungu kwenye majani. Hata hewa ya ukaa iliyotoka kisimani ililishwa maua.

Hilo lilikuwa shamba la matajiri. Atakaye kuona mvuke ukimfaa mkulima mdogo na apande mlima Eburru, kaskazini-magharibi ya ziwa, ambao kilele chake chapita futi 9,000. Nchi ni baridi na yenye rutuba, ila haina mito; mvua ikinyesha, udongo wa majivu ya volkano huimeza. Kwa hiyo wenyeji walijifunza kuteka maji katika moshi. Mvuke utokao shimoni huingizwa katika bomba, hupoa humo, ukawa maji, nayo hudondoka tone kwa tone katika pipa. Ni kazi ya subira, hasa wakati wa kiangazi.

Huko Eburru pia masetla walijenga kikausho cha pareto, yapata mwaka 1939, kitumiacho mvuke uo huo. Maua ya pareto yasipokaushwa vema hupoteza nguvu ya kuua wadudu, na ratili nne au zaidi za maua mabichi hutoa ratili moja tu ya makavu. Mkulima aliyekuwa na kikausho kisichotaka kuni aliokoa miti ya msitu na fedha zake pia. Baadaye kilimo cha pareto kilidhoofika sana nchini Kenya, wakulima walipocheleweshewa malipo. Kosa hilo halikuwa la mvuke.

Mwaka 2012 KenGen ilianzisha hapo Eburru stesheni ndogo, yapata megawati 2.5. Katika stesheni za namna hii, maji yabakiayo hurudishwa chini ya ardhi yakiwa bado na moto mwingi. Huko Menengai, karibu na Nakuru, kampuni nyingine ya Serikali, GDC, imekwisha onyesha kwamba joto kama hilo laweza kuchemsha maziwa na kukausha nafaka. Wakulima wa Eburru wana maziwa na wana mahindi, na bomba la maji ya moto halipiti mbali na mashamba yao.