Nani Anashika Mizani?



Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi. Kwanza ilitangaza miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Tangu tarehe 16 Oktoba ya mwaka uleule, kobalti inatoka kwa kipimo: tani 18 125 kwa muda uliobaki wa 2025, na tani 96 600 kwa kila mwaka wa 2026 na wa 2027. Wengi wenu huku Lualaba na Haut-Katanga mliisoma habari hiyo kwenye simu, mkampelekea rafiki, mkapita kwenye habari nyingine. Naomba turudi kwayo pamoja, maana ndani yake siasa, ufundi, mazingira na maisha ya jamii vimekutana katika gunia moja la udongo.

Tuanze na sababu. Kobalti huingia katika betri za simu, za kompyuta na za magari ya umeme, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu. Mwaka wa 2018 tani moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 90 000. Mwanzoni mwa 2025 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu robo ya hiyo, kwa kuwa madini yaliyotolewa yalizidi mahitaji ya wanunuzi. Basi serikali ikafunga mlango, na kabla ya mwaka kwisha bei ikapanda mara mbili. Fundisho ni wazi: nchi iliyopimiwa kwa muda mrefu ilishika mizani kwa mikono yake, nao wanunuzi wa dunia wakalazimika kuitazama.

Mimi ni mwalimu. Katika shule ya ualimu tulifundishwa kwamba somo la vipimo halikuwekwa kwenye programu ili mtoto akariri kilo na lita, bali ili asidanganywe sokoni. Asiyejua kupima hupimiwa na wengine. Nikitazama mambo ya nchi yetu leo, naona swali hilo moja likijirudia kila mahali: nani anashika mizani?

Twende kwanza Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, mahali wachimbaji wa mikono wanapouzia madini yao kwenye madepo. Mchimbaji anafika na magunia yake. Mnunuzi anaweka gunia kwenye mizani yake mwenyewe, kisha anachukua kifaa cha kupimia kiwango, ambacho kila mtu huko anakiita Metorex, anakielekeza kwenye mawe, na namba inatokea. Uzito na namba hiyo ndivyo vinavyoamua bei. Mchimbaji hana kifaa kama hicho, wala hana mahali pa kwenda kuhakikisha. Manung'uniko juu ya vipimo hivyo ni ya miaka mingi.

Tufanye hesabu ya darasani. Gunia lina kilo 60, na kiwango cha kweli ni 4 kwa mia. Ndani yake kuna kilo 2,4 za kobalti. Mnunuzi akisema kiwango ni 2 kwa mia, zinahesabiwa kilo 1,2 tu. Kwa magunia kumi, kilo 12 za kobalti zimepotea bila mtu kuiba hata jiwe moja. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara wenye mizani ya hila. Naona angeielewa habari hii upesi.

Nalijua kundi moja la vijana waliochanga pesa wakanunua mizani ya kuning'iniza, ile ya kawaida ya sokoni. Hupima kila gunia kabla ya kulipakia, na kuandika uzito kwenye daftari. Kiwango cha madini hawawezi kukijua, lakini kuhusu uzito hakuna tena anayewaambia kwamba gunia la kilo 60 lina kilo 50. Mnunuzi hakufurahi, alilipa. Anayeandika daftari hilo alifika mwaka wa nne wa sekondari.

Sasa tutoke Musompo tuje nyumbani, katika komuni zetu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018 imeruhusu kobalti kuhesabiwa kuwa madini ya mkakati, na kampuni hulipa mrabaha wa asilimia 10 juu yake. Mrabaha huo hugawanywa hivi: katika kila franka 100, serikali kuu huchukua 50, jimbo 25, komuni au sekta au uchifu ambamo mgodi umo 15, na 10 huwekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kila kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji, na kuandikiana nao mapatano juu ya kazi zitakazofanywa.

Someni tena ile 15. Pesa hiyo haiko Kinshasa. Ni ya ofisi ambayo mnaweza kuifikia kwa miguu au kwa pikipiki. Inaweza kuwa madarasa, bomba la maji, kituo cha afya. Inaweza pia kuwa magari na safari. Ripoti za ITIE, mpango ambao nchi yetu imo ili malipo ya migodi yajulikane, huchapishwa na zinasomeka kwenye simu ileile mnayotazamia mpira. Je, katika kikundi chenu kuna mtu aliyekwisha kuuliza, kwa heshima na kwa maandishi, komuni ilipokea kiasi gani mwaka jana na ilikifanyia nini? Mahali ambapo hakuna anayeuliza, hata kiongozi mwema hulegea.

Kipimo kingine ni kile cha mwili wetu. Mwaka wa 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, Kolwezi. Watu wakachimba katika nyua zao, wengine hata ndani ya vyumba vya kulala. Timu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ikiongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ilikwenda kupima vumbi la nyumba, damu na mkojo wa wakaaji, ikavilinganisha na vya mtaa wa jirani usio na mashimo. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2018: wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na watoto ndio waliozidi wote. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wanasema tu kwamba vumbi si zuri. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema ni maneno ya wazazi tu. Mkongomani aliyesoma ndiye aliyesaidia kuyageuza manung'uniko kuwa ushahidi.

Nayasema haya kwa haraka ya mtu aliyeona mambo yakiisha. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka wa 1970 tulikulia chini ya kivuli cha Gécamines. Kampuni ilipima yote: unga wa mwezi, nyumba, shule, dawa. Baba zetu walipokea, na hakuna aliyewaonyesha hesabu. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450 000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka wa 1990, na katikati ya miaka hiyo ya 1990 shaba ilikuwa chini ya tani 50 000. Baadaye wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondolewa kwa malipo ya mara moja. Wengi walikuwa mafundi hodari, lakini siku nguzo ilipoanguka hawakuwa na chombo hata kimoja cha kujipimia maisha yao.

Kobalti nayo haitatusubiri. Kuna betri zinazotumia chuma na fosfati badala yake, na tayari zimo katika karibu nusu ya magari ya umeme yanayouzwa duniani. Bei ikipanda mno, viwanda vina sababu zaidi ya kuzitumia. Kwa hiyo mizani tuliyoishika mwaka wa 2025 ni ya muda. Kitakachobaki ni kile tutakachokuwa tumejenga kwa pesa ya sasa, na watu tutakaokuwa tumewafundisha.

Najua jibu la baadhi yenu, maana nimelisikia uso kwa uso: «Mwalimu, hisabati haijazi sufuria, shimoni ninakula leo.» Silidharau. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari inalipwa, na nawajua vijana wanaoshuka shimoni wakati wa likizo ili wadogo zao wasifukuzwe darasani. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kazi hiyo ya hatari, na sheria ina haki: shimo halimuulizi mtu umri. Lakini hata kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima na akachagua kazi hiyo, neno langu ni lilelile. Yeye ndiye anayehitaji hesabu kuliko karani wa ofisini, kwa kuwa karani akikosea hurekebisha, naye akidanganywa hurudi kwa mkewe na watoto mikono mitupu.

Hata habari zenyewe zinataka kupimwa. Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa 2025, simu zetu zimejaa picha na sauti. Kabla ya kuzipitisha, uliza: nani amesema, wapi, lini, na alikuwapo? Usipopata majibu, iache kwako. Neno lisilopimwa linaweza kumuua jirani kwa jina la kabila lake tu.

Kwa mazungumzo katika kikundi:

1. Katika komuni, sekta au uchifu wetu kuna mgodi gani, na tunajua nini juu ya mrabaha wake?
2. Nani kati yetu anaweza kuandika barua ya kuuliza, na nani watamsindikiza kuipeleka?
3. Kuna rafiki yetu gani aliyeacha shule ambaye tungeweza kukaa naye jioni mbili kwa juma, tukafanya hesabu za kazi anayoifanya sasa?

Anzeni na la tatu. Halihitaji ruhusa ya mtu yeyote.