Mwaka Treni Ilipokatika

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi hulala. Kwa hiyo mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, hana usiku kama wa watu wengine: alfajiri awe mwaloni, anunue, aanike, kisha ashinde juani akigeuza na kufukuza kunguru. Mama Mkubwa alifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Nalitanguliza hili kwa sababu asiyelijua atadhani aligombana na dawa kwa ukaidi tu.

Mwaka 1996 alikatwa titi la kushoto. Alipelekwa Dar es Salaam kwa treni, akapigwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya Wajerumani inayotazama bahari, ambayo mwaka huohuo ilifanywa taasisi ya saratani. Akarudi na tamoksifeni: kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku, miaka mitano. Dawa hii huizuia homoni ya kike isiuchochee uvimbe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ujiji, kwa hiyo ndimi niliyekabidhiwa karatasi zote za hospitali.

Yaliyofuata hayakuwa makali ya kumlaza mtu kitandani, na ndiyo maana hatukuyapa uzito. Usiku wa manane joto lilimpanda kutoka kifuani hadi utosini, shuka likalowa, akashuka kulala sakafuni. Viungo vikamuuma. Kulipokucha alikuwa amechoka kabla ya kazi, na juani mwaloni joto lile likamrudia juu ya joto. Sisi tulimwambia ashukuru Mungu, wangapi wamekufa.

Mwisho wa 1997 zikaja mvua za El Niño. Mafuriko yakaikata reli ya kati, na vidonge vyake, ambavyo ndugu walikuwa wakivituma kwa treni, vikaisha. Mwanzoni hakuona tofauti, maana dawa hii hukawia kutoka mwilini. Baadaye akaanza kulala. Mvua ziliwaozeshea watu dagaa mwaka ule, naye alipata hasara kama wenzake, lakini nilimkuta akiimba.

Reli ilipotengenezwa na vidonge vikafika, alivifunga kwenye kanga akaviweka juu ya kabati. Mjomba akaja kumfokea. Nakumbuka alivyomjibu: "Kaka, nyie mwataka niwepo. Njoo saa nane za usiku unione nilivyolala sakafuni, uniambie kama huko ndiko kuwepo."

Hakuna aliyepata neno. Baada ya siku kadhaa akaniambia, "Mwanangu, kamuulize daktari nikiacha napoteza nini. Usimuulize kama niache." Nilikwenda. Daktari wa hapo Kigoma alikuwa mkweli: kama uvimbe ulikuwa wa aina inayotegemea homoni, dawa hupunguza sana hatari ya kurudi, kama si wa aina hiyo, haisaidii kitu. Na uvimbe wake haukuwa umepimwa aina. Mwaka huohuo wa 1998 jarida la Lancet lilichapisha majumuisho ya majaribio mengi, yakionyesha kwamba kwa wenye aina hiyo miaka mitano hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Hata tungeyasoma, bado tusingejua yeye yuko upande gani.

Alisikiliza yote, akakaa nayo mwezi mzima wa mbalamwezi. Kisha akarudia vidonge na akaacha dagaa. Akahamia kuuza mawese kibarazani, kivulini, biashara ya kukaa. Watu walimsifu kwa kuchagua uhai. Mimi niliyemwona akigeuza shingo kila akisikia gari la Kibirizi sikuweza kumsifu. Alichagua, ndiyo, lakini gharama aliilipa peke yake, na titi lile hakulililia kama alivyoulilia mwalo.

Alimaliza miaka mitano mwaka 2001. Mwishoni mwa 2012 zikatoka habari za utafiti mkubwa ulioitwa ATLAS: miaka kumi ya tamoksifeni ni bora kuliko mitano, ingawa saratani ya mji wa mimba nayo huongezeka kidogo. Alikuwa hai bado, ajuza mwenye masikio mazuri, nikamweleza.

"Kumi?" akasema. "Na hao waliomeza kumi, kuna aliyewauliza walikuwa wakifanya kazi gani?"

Nikamwambia sijui. Akaniambia nimletee maji ya kunawa, chakula kinapoa.