Dinari Mbili na Neno la Msamaria

Mfano wa Msamaria mwema tumeusikia tangu utotoni, na mara nyingi mawazo yetu hukomea pale mafuta na divai vinapomiminwa juu ya majeraha. Siku hizi mimi hukaa zaidi kwenye mwisho wa mfano huo, katika sura ya 10 ya Luka. Kesho yake Msamaria anampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akimwahidi kwamba chochote kitakachozidi atakilipa atakaporudi. Dinari moja, kama tunavyojua kutokana na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Basi majeruhi yule alitunzwa kwa ujira wa siku mbili na kwa neno la mtu. Hapa Bukavu tungesema kwamba Msamaria alisaini bon.

Karatasi hiyo tunaijua sote. Mfanyakazi anapoumia, mwajiri wake huandika bon ya matibabu, na hospitali humpokea ikijua ni nani atakayelipa. Bila bon, familia huombwa kuweka fedha kwanza. Karatasi yenyewe ni ndogo, lakini inasema mambo matatu: mtu huyu ni wetu, aliumia katika kazi yetu, gharama zake ziko juu yetu.

Mwaka uliopita, ndugu mmoja wa shirika letu, msaidizi wa fundi mwashi, alianguka kutoka juu ya miti ya ujenzi, kwenye nyumba ya ghorofa iliyokuwa ikipandishwa mtelemkoni. Mfupa wa paja ulivunjika. Wenzake walimbeba hadi barabarani, wakampakia katika teksi. Hospitalini alipewa dawa za maumivu na mguu ukafungwa, lakini kuhusu upasuaji tuliambiwa usubiri bon au dhamana ya fedha. Shirika lilinituma nimsindikize mke wake hadi ofisi ya mwajiri.

Siku ya kwanza karani alimwambia kwa upole, “Mama, bwana wako si mfanyakazi wetu. Yeye ni kibarua tu.” Siku ya pili mkubwa alikuwa safarini. Siku ya tatu tuliambiwa kwamba tukitaka kitu, tuandike barua ya kuomba msaada, ila tusitaje ndani yake kwamba alianguka kazini.

Sharti hilo nimelifikiria sana. Fedha kidogo walikuwa tayari kuzitoa. Neno ndilo lililowashinda. Maana anayeandika bon anakiri kwamba ajali ni ya kazi, na anayekiri hivyo anapaswa kuitangaza kwa CNSS, Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Huko ndiko itakakoonekana kama mfanyakazi aliwahi kuandikishwa na kama michango yake ililipwa. Mgonjwa anasubiri kitandani kwa sababu ukweli wake ungefungua daftari la mtu mwingine.

Sheria ya nchi yetu haiko kimya. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inahesabu kuwa ajali ya kazi ile inayompata mtu kazini au kwa sababu ya kazi, hata akiwa njiani kati ya nyumba yake na mahali pa kazi. Mchango wa tawi la hatari za kazi ni asilimia 1.5 ya mshahara, nao hulipwa na mwajiri peke yake. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamdai mwajiri matibabu ya mfanyakazi na ya familia yake, katika ugonjwa na katika ajali. Na kuhusu neno “kibarua tu”, kifungu cha 40 cha Kanuni hiyo kinasema kwamba aliyekwisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ndugu yetu alikuwa amebeba matofali pale zaidi ya miezi mitatu.

Waliofungua njia ni vibarua wenzake wawili. Waliandika siku, saa na namna alivyoanguka, wakatia sahihi, ingawa waliogopa kupoteza kazi. Tulipeleka ushuhuda huo kwa mkaguzi wa kazi. Wakati huohuo shirika lilichanga dhamana, na siku ya kumi na moja akapasuliwa. Baadaye mwajiri alilipa sehemu kubwa ya gharama. Lakini mguu ulitoka mfupi, na leo ndugu yetu anatembea kwa fimbo na kuuza makala mlangoni pake, huko Kadutu. Faili lake la malipo ya ulemavu bado linasubiri.

Wengine shirikani waliuliza kama mchango wetu haukumpunguzia mwajiri mzigo uliokuwa wake. Swali ni la haki. Msamaria naye alilipa deni la wanyang’anyi, wala hakungoja hukumu ndipo amwinue majeruhi. Lakini hakumwambia aseme kwamba alijikwaa mwenyewe. Sadaka yetu na mituwele zetu za afya, ambazo ofisi ya jimbo ya kazi za matibabu imezisaidia kwa miaka mingi, ni undugu wa maskini kwa maskini. Zisigeuzwe pazia la kufichia deni la mwenye nacho. Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba matibabu, hasa baada ya ajali za kazini, yapatikane kwa urahisi kwa mfanyakazi, kwa gharama ndogo au hata bila malipo. Aliyataja kati ya haki za mfanyakazi.

Najua pia kwamba tangu benki zilipofunga milango mjini, Februari 2025, mwajiri anaweza kukosa fedha mkononi kweli. Lakini Msamaria naye aliacha fedha kidogo. Kilichomlaza yule mtu kitandani kwa amani ni neno ambalo mwenye nyumba ya wageni aliweza kulitegemea. Neno hilo halihitaji benki.

Tusiwatazame wakubwa peke yao. Wengi wetu katika chama hiki tuna sentineli mlangoni, binti anayetusaidia jikoni, mwashi anayetupandishia ukuta. Kwao sisi ndio waajiri. Basi tuwe na daftari lenye majina yao na siku walizofanya kazi, nao wawe na lao. Anapoumia mmoja, tuandike siku hiyohiyo kilichotokea, mbele ya mashahidi, na tumpeleke hospitalini tukisema wazi mlangoni: huyu ni wetu, aliumia kwetu, gharama ziko juu yetu.

Ee Bwana, utujalie ulimi usiomkana mtu aliyeanguka akitufanyia kazi. Amina.