Mchezo Upi Ununuliwe kwa Shilingi 60,000?

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za wafanyakazi bajeti ya mwezi imepata mgeni. Baada ya unga, mchele, gesi, umeme wa LUKU na nauli ya kutoka huku kwetu Mbweni hadi mjini, watoto nao wanadai mchezo wa kompyuta. Tena si ule wa kununuliwa dukani ukiwa ndani ya kasha, bali ni ule unaoshushwa kwa intaneti na kulipiwa kwa simu, pasipo kitu cha kushika mkononi. Wazazi wenzangu wengi hulikata suala hili kwa neno moja tu: hapana. Mimi na mwenzangu hatukulikata hivyo.

Sababu yetu ni kibanda. Mtaani kwetu, kama ilivyo Tegeta, Manzese au Mbagala, kipo kibanda cha gemu ambamo vijana hulipa kwa kila mechi. Mwanetu wa kidato cha pili alikuwa akirudi kutoka shuleni kwa miguu ili nauli yake aimalizie huko. Mama yake aliyagundua hayo kwa kuzitazama soli za viatu. Kumkataza ni rahisi, lakini kumzuia ni kazi nyingine, maana mzazi anayeondoka alfajiri kuwahi gari la Posta hayupo nyumbani saa kumi ya jioni. Tukaona heri mchezo uwe sebuleni, katika kompyuta ya mtumba tuliyoinunua kwa ajili ya masomo, mbele ya macho ya dada yake na bibi yake. Tukatenga shilingi 60,000 kwa mwaka mzima. Fedha hizo si haba kwa nyumba kama yetu, na ndiyo maana ilitupasa kuzipigia hesabu.

Kijana, bila shaka, alitaka mpira. Aliutaja mchezo uitwao EA Sports FC, ambao hadi toleo la 23 uliitwa FIFA, kisha mwaka 2023 ukabadilishwa jina. Toleo jipya hutoka kila mwaka, na lile la mwaka 2024 liliuzwa Marekani kwa dola 70. Dola moja ikiwa ni zaidi ya shilingi 2,400, hesabu inavuka shilingi 165,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilichotangazwa Mei Mosi ya mwaka 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Basi mchezo mmoja ni theluthi ya mshahara huo, na mwakani mtoto atasema kuwa toleo hilo limepitwa na wakati.

Tena bei inayoandikwa siyo bei yote. Toleo hilohilo hudai nafasi ya gigabaiti 100 katika kompyuta. Sisi tusio na waya wa intaneti nyumbani tunashusha kwa bando la simu, kwa hiyo uzito wa mchezo ni sehemu ya bei yake. Binti yangu wa darasa la saba ndiye aliyepiga hesabu ya bando na kuiweka mezani. Kaka yake alinyamaza.

Ndipo akaja na hoja ya pili: “Baba, ipo ya bure.” Kweli ipo. Kampuni ya Konami ya Japani, iliyokuwa ikiuza mchezo wa mpira wa PES, tangu mwaka 2021 inatoa eFootball bila malipo ya kuanzia. Lakini fanya uchunguzi kidogo, ndugu msomaji. Humo ndani zinauzwa sarafu, na kwa sarafu hizo mtu huvuta wachezaji kwa bahati, bila kujua atakayempata. Nchini Ubelgiji mwaka 2018 tume inayosimamia michezo ya kamari ilitamka kuwa visanduku vya bahati vya namna hiyo katika baadhi ya michezo ni kamari, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA. Kwetu sisi simu ya mzazi ndiyo benki ya nyumba, na mtoto mwerevu huijua namba ya siri kabla hata ya mama yake. Nilimruhusu kuushusha wa bure, kwa sharti kwamba simu zetu zisiunganishwe nao hata kidogo. Alikubali kwa shingo upande.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la umiliki. Ukinunua redio ni yako, na ukichoka nayo unaiuza. Mchezo wa kushusha huununui kwa maana hiyo, bali unanunua ruhusa ya kuutumia. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliuza mchezo wa magari uitwao The Crew uliotoka mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima mitambo yake, na waliokuwa wamelipa fedha zao halali hawakuweza kuucheza tena. Huo, kwa lugha yetu ya zamani, ni unyonyaji. Tangu hapo swali la kwanza nyumbani kwetu likawa: mchezo huu utachezeka bando likiisha?

Tukaangukia Stardew Valley. Aliutengeneza Mmarekani mmoja peke yake, Eric Barone, akautoa mwaka 2016, na hadi mwisho wa mwaka 2024 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Mchezaji hurithi shamba la babu yake lililojaa magugu na mawe. Uzito wake ni kama nusu gigabaiti, huchezeka bila intaneti, na wawili waweza kugawana kioo kimoja. Bei yake ya kawaida hukaribia dola 15, lakini tulisubiri. Duka la mtandaoni la Steam hupunguza bei katikati ya mwaka na tena mwezi Desemba, yaani likizo za shule zetu zinapofika. Tulitumia pungufu ya shilingi 25,000. Duka hilo pia hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14, ilimradi hujacheza kwa saa mbili, na wakati wa majaribio binti yangu aliweka saa ya ukutani karibu na kioo. Pedi ya kuchezea ilitoka katika upatu wa mama yao.

Siwezi kusema kibanda kimeshindwa. Jumamosi kijana bado anakwenda, maana huko wako rafiki zake, na huo ni utamu usioshushwa kwa bando. Lakini siku za shule anarudi kwa gari. Jioni wanalima yeye na dada yake, huku bibi yao, aliyelima kwa jembe maisha yake yote, akiwauliza mbona wanamwagilia tu na palizi hawafanyi.

Zimebaki shilingi 35,000 na ushei. Binti anautaka Aurion, uliotengenezwa Yaoundé nchini Kameruni na kutolewa mwaka 2016 na kampuni ya Kiro'o Games, kwa kuwa mashujaa wake ni Waafrika. Kaka yake ana majina mawili mengine. Orodha imebandikwa mlangoni, na mbele ya kila jina wameandika bei na uzito, wakingojea punguzo la katikati ya mwaka.