Dada wa mjini, kioo kilichogoma na mota ya "zinaingiliana tu"

Kuna dada mmoja wa Dar, ana kagari kake kutoka Japani alikokanunua baada ya kujibana miaka miwili. Msimu wa mvua kioo cha upande wa dereva kikashuka, kikagoma kupanda. Si unaijua foleni ya Ubungo asubuhi? Mvua begani, pochi kaikumbatia akiogopa vibaka, ofisini anafika blauzi imelowa chapachapa.

Fundi hata mlango hakufungua. "Dada, mota imekufa. Leta elfu 40 nikuchukulie yuzdi Gerezani. Hizi zinaingiliana tu."

Akatoa. Mota ikaja, ikagoma kukaa. Fundi akataka elfu 20 nyingine eti aichonge. Hapo dada akasema basi, akalipeleka gari kwa mzee mmoja wa umeme wa magari na kusimama hapo hapo kuangalia kila bolti.

Mzee akamwelewesha. Ndani ya mlango mna mota ndogo ya volti 12. Inazungusha gia iliyochongwa kama skrubu, nayo inasukuma gia ya plastiki. Kasi inapungua, nguvu inaongezeka. Na kwa kuwa ile ya plastiki haiwezi kuizungusha ile ya skrubu kinyumenyume, kioo kizima hakishuki ukikisukuma kwa mkono. Gia hiyo inavuta kebo au mikono ya chuma inayobeba kioo. Mota ikizunguka huku kinapanda, ikizunguka kule kinashuka.

Sasa kwa nini ile yuzdi iligoma? Ilitoka mlango wa kushoto! Mota za kushoto na kulia ni kama ndala: zinafanana, ila huvai mbili za mguu mmoja. Matundu ya bolti yamegeuka. Halafu kioo cha dereva kwenye gari lake kinapanda chenyewe ukigusa mara moja, na kikibana kidole kinarudi chini. Mota ya hivyo plagi yake ina waya nyingi. Iliyoletwa ilikuwa na mbili tu.

Siyo kwamba haziingiliani kabisa. Zipo zinazokaa hata kwenye gari la jina lingine, ila lazima upande, plagi, meno ya gia na namba ya spea vilingane. Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na ya zamani mkononi.

Kioja chenyewe sasa: mzee akaipima ile mota "iliyokufa" kwa umeme wa betri. Ikanguruma! Mota nzima kabisa. Mgonjwa alikuwa swichi ya mlangoni, imelishwa juisi ya miwa iliyomwagika wiki moja kabla. Ikafunguliwa, ikasafishwa, kioo kikapanda hadi juu.

Dada akamrudia fundi wa kwanza na mota yake. Karudishiwa elfu 25. Iliyobaki, "kesho dada yangu". Kesho hiyo ina wiki ya tatu sasa, na kila asubuhi anampita pale kioo kimefungwa.

Haya wadau, angekuwa wewe, ungeendelea kudai hiyo elfu 15 au ungeiita ada ya shule?